Pa Kuinua Mguu

Kitendawili. Haya, shikeni: natembea kutwa nzima, jioni sijatoka nilipo. Mwasema saa? Saa haina goti. Ni fundi cherehani, wajukuu zangu, na wa leo alikuwa sokoni, katikati ya makelele, dada mmoja alipomvamia na gauni la kijani mkononi.

"Fundi, zipu, Jumamosi..."

"Hata salamu hakuna?"

"Habari yako. Zipu imekufa. Jumamosi naimba."

Watu walimwita Chiriku. Sauti alikuwa nayo, tamu ya kukusahaulisha chungu jikoni. Ila kila wimbo aliuingia kabla ya ngoma. Kiongozi wa bendi alishamwambia: Jumamosi ukitangulia tena, nafasi yako naipa mwingine.

Akisubiri zipu, akaimba. Fundi akasimamisha mguu.

"Dada, nani anakukimbiza?"

"Kimya," akajibu. "Muziki ukinyamaza, naona watu watadhani nimesahau."

Fundi akamkalisha kwenye cherehani, akampa kitambaa kibovu. "Shona huku unaimba. Ukifika kwenye kona, inua mguu, geuza, ndipo ukanyage tena."

Siku ya kwanza kitambaa kilitoka kama kimetafunwa na mbuzi. Siku ya nne kona zikanyooka, na simu kati yake na fundi zikawa haziishi.

"Umekula, Chiriku wa..."

"Nimekula."

"Ngoja basi nimalize kuuliza, mpenzi."

Alhamisi, akimpima mkono kwa futi, fundi akasema polepole, "Nikikushonea gauni jingine, jeupe, la siku yetu mimi na wewe, utalivaa?"

Yule wa kujibu kabla hujamaliza, leo alishika ncha ya futi, akaizungusha kidoleni. Na hapo muuza vifungo wa meza ya jirani, aliyeazima simu ya fundi, akabonyeza kitu. Ikatoka rekodi ya sauti ya Chiriku, inakimbia hovyo.

"Kumbe anayeimba hivi ndiye huyu," muuza vifungo akacheka.

Chiriku akachukua gauni lake, akaondoka. Fundi akapiga simu mara saba. Zote zikakatwa. Akatuma rekodi mbili na ujumbe: "Ya kwanza ni ya siku uliyokuja, ya pili ni ya leo. Nilitaka ujisikie ulivyobadilika. Sikukuomba ruhusa. Nisamehe."

Chiriku alizisikiliza jikoni kwa shangazi yake.

"Huyu wa pili nani?" shangazi akauliza.

"Mimi."

"Basi mpigie aliyekufikisha hapo."

"Sitaki."

"Hutaki, na simu umeikumbatia kama mtoto?"

Jumamosi ukumbi ulijaa. Gauni la kijani lilimkaa sawasawa, zipu imetulia mgongoni. Gitaa likapiga, likanyamaza. Kona ndiyo hiyo. Watu wakamtazama. Chiriku akainua kisigino ndani ya kiatu, akageuza, akakanyaga. Sauti na ngoma vikatua pamoja. Kiongozi wa bendi, aliyekuwa amekunja uso, akaukunjua.

Alipomaliza, akajificha nyuma ya pazia na simu.

"Uko wapi?"

"Mlangoni," fundi akajibu. "Nimesikia wimbo wote."

"Alhamisi uliniuliza kitu."

"Nilikuuliza."

Chiriku akainua kisigino. Fundi naye hakumharakisha. Upande wa pili wa pazia watu walikuwa bado wanapiga makofi, na kisigino bado kiko juu.

Akakishusha.

"Nitalivaa," akasema.