Mnara wa Keki

Kila alipotoka shuleni, Jaël alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaingia jikoni kumsaidia mama yake, Colette. Tangu mshahara wa baba ukatike kule mgodini, nyumba nzima iliishi kwa keki. Na hizo hazikuwa keki za duara kama za kila mtu. Mama alikuwa na kalibu nzito ya chuma yenye umbo la kanisa: paa la vigae, milango, madirisha na mnara mwembamba. Keki ikitoka humo vizuri, watu wa mji wao wa Likasi, huko Kongo, waliona huruma kuikata.

Ijumaa hiyo kazi ilikuwa kubwa kuliko kawaida, kwa sababu kesho yake Hélène, mdogo wake Mama, angefunga ndoa. Unga wa ngano ulikuwa haupatikani. Mama Philomène, rafiki mpenzi wa Mama aliyeuza bidhaa za Zambia katika soko la Kikula, alikuwa amempa maboksi mawili ya unga wa keki uliochanganywa tayari. Mtu huongeza mayai, mafuta na maji, basi. Tatizo ni kwamba maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza.

"Jaël, weye njo wa kwanza mu classe," Mama akasema, akimkumbusha nafasi yake darasani. "Soma, tusikosee."

Jaël hakuwa mtoto mwongo. Alikuwa mtoto wa kusifiwa tu, na aliyezoea sifa huona haya kukosa jibu. Shuleni kwao walisoma kwa Kifaransa. Kiingereza alikisikia redioni. Hata hivyo alilikazia macho lile boksi kama mtu anayesoma barua ya shangazi yake. Picha za mayai na kikombe zilimsaidia. Mwishoni, baada ya picha ya oveni, aliona neno "cool". Akalitamka kimoyomoyo, na masikio yake yakasikia Kifaransa: "coule", yaani inamwagika.

"Ikitoka tu ku moto, unaimwanga palepale," akasema.

Mama akamtazama. "Palepale? Keki ya moto hivi?"

"Njo vile banaandika, Mama."

Mama alijua keki zake mwenyewe, lakini akajiambia kwamba labda unga wa boksi una taratibu zake. Keki ilipoiva aliigeuza kalibu juu ya sinia papo hapo. Paa likaanguka vipande vipande. Mnara ukang'ang'ania ndani ya chuma, na madirisha hayakuonekana tena. Jaël alijua kosa lilikuwa lake.

"Hii unga inaoza," Mama akasema. "Philomène anajua ndoa ni kesho, na ananipatia kintu ya kuoza. Beba ile sinia. Beba na boksi ingine. Tunaenda ku marché, bantu bote baone."

Jaël alitaka kusema. Badala yake akabeba sinia, akamfuata mama yake aliyekuwa akitembea kwa hasira kuelekea sokoni bila kugeuka nyuma. Njiani alikumbuka kwamba katika miezi ya njaa ni Mama Philomène aliyekuwa akiwagawia unga wa mahindi, bila hata kuombwa. Leo mama huyohuyo angeitwa tapeli mbele ya wateja wake, na yeye Jaël ndiye aliyebeba ushahidi.

Mama Philomène aliwaona, akasimama akicheka. "Mama Jaël, munaniletea keki?"

Mama hakucheka. Wanawake waliokuwa wakichagua bidhaa wakageuka. "Philomène," akaanza, "miye na weye tunatoka mbali. Lakini leo..."

"Mama, ni miye," Jaël akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, kisha akarudia kwa sauti kubwa kidogo. "Unga haina ubaya. Ni miye nilidanganya. Anglais ya ku boksi sijue. Nilibahatisha."

Machozi yalimtoka. Hasira yote ya Mama ikageuka kuwa aibu. Mama Philomène ndiye aliyelichukua boksi la pili na kumpelekea jirani yake wa meza, Prof Octave. Huyu alifundisha Kiingereza sekondari, na tangu serikali iache kumlipa aliuza sabuni pale sokoni kila baada ya masomo.

Prof Octave alivaa miwani, akasoma polepole. "Hii 'cool' ni kupoa. Acha keki ipoe kwanza ndani ya moule, ni kusema kalibu, kisha uigeuze." Akasogeza kidole, akakunja uso. "Na hii neno hapa, sijue. Ngojeni, niangalie mu dictionnaire."

Akainama kutafuta kamusi mkobani, bila haya yoyote, huku watu wote wakimsikia. Hakuna aliyemcheka. Jaël alimtazama kwa mshangao. Kumbe mwalimu mzima anaweza kusema hajui, na bado akabaki mwalimu!

Jioni ile oveni iliwashwa tena, na unga ulikuwa ni huo wa mwisho. Keki ilipotoka, hakuna aliyeigusa. Mama Philomène, ambaye alikuwa amekwisha kuombwa msamaha, alikaa nao jikoni. Mama aliigusa kalibu, akaiacha, akaigusa tena. Hatimaye akaigeuza na kuinyanyua taratibu. Kanisa likasimama juu ya sinia, vigae na madirisha yote yakiwa mahali pake, na mnara umenyooka.

Mama akamvuta Jaël karibu.

"Sikia, mwanangu. Kukosa kujua anglais haiko mubaya. Mutoto anaenda ku masomo sababu haajue. Boksi moja ya unga inaharibika, inaisha. Lakini kosa ulilijua, ukanyamaza, ukabeba sinia mupaka ku marché. Kama ungenyamaza tena kidogo, ningemuharibia Philomène jina, na jina haina moule ya kuirudisha. Siku ingine haujue, sema haujue. Ukishakosea, sema mbio."

"Ndiyo, Mama," Jaël akajibu, na safari hii alielewa alichokuwa akijibu.