Bushi Iliyopasuka

Jumapili asubuhi kengele ya kanisa la Mbalibali haikulia. Haikuwepo. Kwenye nguzo ilibaki kamba tu, imekatwa kwa kisu.

"Kilo ishirini na tano, shaba na bati," Katekista Ezekiel alimwambia Inspekta Heche. "Aliyeichukua hamwogopi Mungu."

"Au ana shida na shaba."

Siku hizo za rashi ya dhahabu, watu wakikimbilia machimbo mapya, shaba ilikuwa na njia moja: Tarime, kwa mafundi wanaoyeyusha na kusubu bushi, zile pete za kushikilia mhimili wa pampu na wa karasha za kusagia mawe. Siku ya Jumanne, Heche alifika kwenye tanuri la fundi Lukmani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwizi sijamwona, afande."

"Mbona sijauliza?"

Lukmani alicheka, kisha akamtolea bushi iliyopasuka vipande viwili.

"Mteja kairudisha jana. Jumapili alileta vipande kwenye gunia, akasema ni bushi chakavu. Nikayeyusha. Sasa tazama mpasuko, mweupe kama jivu. Hapa bati ni mbili katika kumi."

"Na bushi inataka ngapi?"

"Moja, basi. Hapo inavumilia chuma kuzunguka ndani yake. Bati ikizidi, inalia vizuri lakini inapasuka kama chungu. Hii ilikuwa kengele, afande. Wallahi, nimejua jana."

"Mteja nani?"

"Bernadetha, Mama Esta, yule mjane wa Mbalibali. Yuko Nyangoto, kwenye duara lililojaa maji."

Heche alimkuta ameketi peke yake kando ya shimo hilo la wachimbaji. Pampu ilikuwa kimya.

"Mama Esta, kengele uliivunja wewe?"

"Kwa nyundo. Huku nalia."

"Ulitaka pesa?"

"Pesa ya nini! Mume wangu yumo humu tangu maji yalipoingia masika. Bushi ya pampu ilipolika, wenye duara wakakimbilia rashi nyingine. Waliniambia, 'Wa maji ni wa maji.' Mimi nataka kaburi lake liwe nyumbani, karibu na mlango. Nilifagie."

"Ukafungisha bushi."

"Pampu ilizunguka kwa saa mbili. Maji yakashuka mpaka nikaona buti lake la kushoto, lile la kiraka cha tairi. Nikamwambia, 'Baba Esta, nimekuja.' Ndipo bushi ikapasuka. Maji yakamfunika tena."

Heche aliandika maelezo, akamsomea. Bernadetha akaweka dole gumba. Pingu zilibaki mfukoni.

"Twende, mama."

Hakuinuka. Macho yalikuwa majini.

"Afande, nimeshamwambia nimekuja. Sasa nikiondoka, atanielewaje?"