Mteja wa Kochi la Mtu Mmoja

Jumamosi asubuhi mkahawa wa Shangazi hujaa mpaka mlangoni. Ni chumba kidogo kwenye kona ya mtaa, vioo vya madirisha vimefunikwa na mvuke wa kahawa, na mwenyewe Shangazi, mama mnene mwenye sauti ya kupasua glasi, huwaketisha watu anavyotaka yeye. Ukija peke yako, usitegemee kupata meza ya peke yako.

"Fundi, sogeza miguu," alisema siku hiyo, huku amemshika mkono mwanamke mmoja kama mtu anayempeleka mtoto shule. "Dada huyu atakaa hapa. Msigombane."

Fundi alikuwa mtengeneza makochi, mwanamume wa makamo mwenye mabega mapana na mdomo uliojaa mkate. Akatikisa kichwa tu, akavuta sahani yake ya mayai.

Mwanamke akaketi. Alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, miwani ya jua ameipandisha juu ya nywele zake zilizosukwa, viatu havina kisigino. Akamkagua mwenzake, kisha akacheka.

"Kaka, una pamba sikioni."

"Si pamba. Ni sponji."

"Kumbe! Nikadhani hutaki kusikia maneno ya watu."

"Ya wengine sitaki. Ya kwako bado sijajua."

"Mimi nafundisha watu kuendesha gari," akasema, akijimiminia maziwa kwenye kahawa. "Kutwa nzima nimekaa na watu wanaotaka kuniua, na mwisho wa somo natakiwa niwaambie wamejitahidi."

Fundi akacheka. Alicheka kwa mdomo wazi, mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka. Na kabla kicheko hakijaisha, akakikata. Alikuwa hajacheka hivyo tangu alipomzika mkewe, na sasa anacheka na mwanamke mgeni kwenye meza ileile anayokula kila Jumapili na mama mkwe wake.

Mkewe alifariki mwaka juzi, figo zilimchosha taratibu mpaka zikammaliza. Alikuwa mtoto wa pekee. Siku ya mazishi mama yake alikaa kwenye kiti cha plastiki akamuuliza kila aliyepita mbele yake, "Sasa mimi nitakula na nani?" Watu walidhani amechanganyikiwa. Fundi peke yake ndiye aliyelichukua kama swali la kweli. Akapiga magoti mbele yake akasema, "Utakula na mimi, mama." Tangu siku hiyo, Jumapili mchana ikawa yao. Mama alikuwa akimchagulia minofu mizuri ya kuku na kumwekea kwenye sahani, akimwambia amekonda, hana wa kumwangalia.

Jumamosi iliyofuata yule mwanamke, ambaye Fundi alianza kumwita Mwalimu, alirudi mkahawani, na iliyofuata pia. Shangazi akaacha kuwauliza wanakula nini. Wakawa wanapeana vipande vya viazi, wanagombania jamu, wanacheka wanavyotaka. Simu nazo zikaanza.

"Upo wapi, Sponji wangu?"

"Karakana, nagongomea misumari."

"Usijipige kidole, bado nakihitaji. Sikiliza, kesho nina nafasi. Tukatembee bustanini, nivae lile gauni jekundu ulilosema linakunyima usingizi."

"Kesho..." Fundi akaweka nyundo chini. "Kesho Jumapili, mpenzi. Napeleka makochi kwa wateja."

"Kila Jumapili?"

"Ndiyo siku watu wanakuwa nyumbani."

"Haya. Ila ipo siku nitakuja nikuone unavyoyabeba hayo makochi. Nina wasiwasi na kiuno chako."

Alipokata simu alijiona mwizi. Angeweza kusema ukweli, ulikuwa maneno machache tu. Lakini akimwambia Mwalimu habari za mama, Mwalimu angetaka kumwona. Na mama akimwona Mwalimu, angejua kwamba nafasi ya binti yake imepata mtu. Fundi alijua kung'oa kitambaa cha zamani kwenye kochi na kuvisha kipya, mbao zilezile. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na kwa makochi haikuwa imewahi kumsumbua. Basi akaamua kuwagawa: mmoja Jumamosi, mwingine Jumapili, meza moja. Kila siku ya hizo mbili alikula akiwa na hatia ya ile nyingine.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya jua kali. Fundi alikuwa amekula yai vibaya, kiini kimemchuruzikia ndevuni. Mwalimu akainama juu ya meza, akamfuta kwa kidole gumba, taratibu, kisha akakilamba kile kidole.

"Huna haya wewe mwanamke?" Fundi akanong'ona, akitabasamu.

"Sina. Niliziacha kwenye ndoa ya kwanza."

"Mwanangu!"

Sauti ilitoka mlangoni. Mama mkwe alikuwa amesimama pale amevaa nguo yake ya safari na miwani mipya usoni, ameikamata kwa mikono miwili kama inataka kuruka. Jirani yake alikuwa amempeleka kupimwa macho kliniki ya mtaa wa pili.

"Nimekuona kutoka barabarani!" akasema kwa furaha ya mtoto. "Kutoka kule! Hata majani ya miti nayaona moja moja. Nikasema, yule si mkwe wangu yule?"

Fundi alisimama ghafla mpaka kahawa ikamwagika. Mama akamgeukia Mwalimu kwa heshima zote.

"Na huyu dada ni nani?"

Mwalimu alikuwa ameshaanza kuinuka kumwamkia, tabasamu tayari mdomoni, akimsubiri Fundi aseme.

"Ni mteja, mama," Fundi akasema. "Ni mteja wangu. Tunazungumza habari za kochi."

Tabasamu la Mwalimu halikuondoka mara moja. Lilibaki mdomoni likiwa halina kazi. Kisha akaketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepata fundi, usihangaike kwingine!" Mama akavuta kiti, akakaa katikati yao. "Kochi la watu wangapi?"

"La mtu mmoja," Mwalimu akajibu bila kumwangalia Fundi. "Naishi peke yangu."

"Chukua la wawili. Bado mzuri wewe, hujui kesho." Mama akacheka, akampigapiga mkononi. "Mimi nikuambie kuhusu huyu. Ni mkwe wangu. Mwanangu alipofariki, huyu angeweza kunitupa, mbona wengi wanatupwa? Hajanitupa. Kila Jumapili yuko na mimi hapahapa, meza hii."

"Kila Jumapili?"

"Hajakosa hata moja."

"Mimi nilisikia Jumapili anapeleka makochi kwa wateja."

"Nani kakudanganya? Jumapili hashiki hata msumari."

Mwalimu akashusha miwani ya jua kutoka kichwani mpaka machoni, humohumo ndani ya mkahawa.

"Ukitaka," mama akaendelea, "nitakuja na yeye kwako kupima. Mafundi wanaume hawajui kuchagua rangi."

"Asante, mama. Nitafikiria." Sauti yake ilikuwa shwari kabisa. Akainuka, akatengeneza gauni lake. "Fundi, nashukuru kwa muda wako."

Akatoka. Fundi hakumfuata. Mama alikuwa ameshaanza kusoma ubao wa vyakula ukutani kwa sauti, neno kwa neno, akifurahia kila herufi.

Mchana huo Fundi alimpigia Mwalimu simu mpaka sikio likapata moto. Hatimaye ikapokelewa.

"Umempigia mteja," Mwalimu akasema. "Mteja hana shida ya kochi tena."

"Mpenzi, nisikilize. Ulimi uliniponyoka..."

"Haukuponyoka. Ulikuwa umejiandaa. Makochi ya Jumapili uliyabuni lini, na yenyewe yaliponyoka?"

Fundi akahamishia simu kwenye sikio la pili.

"Unadhani nimekasirika kwa kuwa unakula na mama wa marehemu?" Mwalimu akaendelea. "Mwanamume anayekula na mkwe wake kila Jumapili, ningekupenda mara mbili! Ungeniambia tu. Badala yake umenikalisha na mama wa watu, ananishika mkono, ananichagulia kochi, na mimi namdanganya machoni. Macho yenyewe kayapata leo asubuhi. Umenifanya nijione mchafu, Fundi. Mimi sikumkosea mtu."

"Nilikuwa namwonea huruma."

"Ulikuwa unajionea huruma wewe. Usinipigie tena mpaka huyo mama ajue. Na usimwambie ili unirudishe mimi. Mwambie kwa sababu ni haki yake."

Jumapili mama alikuwa wa kwanza kufika, na miwani yake. Kuku akaletwa na viazi. Mama akaanza kuchagua minofu.

"Usiniwekee, mama," Fundi akasema. "Nina neno."

"Sema huku unakula."

"Yule dada wa jana si mteja."

Uma wa mama ukasimama hewani, na mnofu wake.

"Ni mwanamke ninayempenda. Tunakula hapa Jumamosi. Nilikuficha, na yeye nikamficha habari zako. Nimewadanganya wote wawili."

Mama akaurudisha mnofu kwenye sahani kubwa, polepole. Akavua miwani. Bila miwani uso wake ulionekana mzee zaidi, na Fundi akaona chini ya jicho la kushoto ule mkunjo aliokuwa nao mkewe alipochoka.

"Huyo alikuwepo tangu mwanangu akiwa hai?"

"Hapana, mama! Haki ya Mungu, hapana."

"Meza hii?"

"Meza hii."

"Na mimi nikamwambia nitakuja kumchagulia rangi." Alizungumza kwa sauti ndogo. "Nikakusifia mbele yake kama mwendawazimu. Mkahawa mzima unajua ila mimi. Shangazi anajua?"

Kule kaunta Shangazi akajifanya anafuta kikombe kilichokwisha kukauka.

"Nisamehe, mama."

"Umenifanya mimi ndiye wa kufichwa. Mtu hufichwa deni, hufichwa ugonjwa. Mimi nilikuwa nakuja kula tu." Machozi yakamtoka, akayaacha yashuke. "Ulidhani nitafanya nini? Nitalia? Nimelia kila usiku bila ruhusa yako."

Fundi alitamani mama amtukane.

"Mpigie," mama akasema.

"Sasa hivi?"

"Au unampelekea mtu kochi?"

Akapiga. Ilipopokelewa tu, mama akamnyang'anya simu. "Wewe mteja," akasema. "Njoo mkahawani. Ndiyo, sasa. Hapana, bado hajafa." Akakata.

Mwalimu alifika na gauni la nyumbani, kitambaa kichwani, hana hata kipodozi. Alisimama hatua chache kutoka mezani, funguo za gari zikilia mkononi mwake.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Akavaa miwani, akamwangalia kuanzia kitambaa mpaka viatu, bila haraka. Kisha akamgeukia Fundi.

"Jana nilikuuliza swali hukunijibu. Nakuuliza tena. Huyu ni nani?"

Mkahawa ulikuwa umejaa watu wa chakula cha mchana, na vijiko vyote vilikuwa vimenyamaza. Fundi akasimama.

"Ni mwanamke ninayetaka kumwoa, mama."

"Nani kakwambia nimekubali?" Mwalimu akasema, lakini mdomo ulikuwa unamcheza.

"Hajakubali, mama. Ni mwanamke ninayetaka kumwoa na hajakubali."

Shangazi akacheka peke yake, akajiziba mdomo. Mama hakucheka. Alianza kuchukua mkoba wake, na Fundi akajua anaondoka, na kwamba safari hii hatarudi. Akashindwa hata kumzuia. Alikuwa na haki gani?

Mwalimu ndiye aliyesogea. Akachuchumaa kando ya kiti cha mama.

"Mama, nisamehe. Jana ningesema, sikusema. Baki wewe na mwanao, mimi nitaondoka. Jumapili ni yako."

Mama akaupachika mkoba begani. "Pale maliwatoni kuna ngazi," akasema. "Miwani hii bado inanipotosha nikitazama chini. Nipe mkono."

Wakaenda wote wawili, polepole, wameshikana viwiko. Mlango ukafungwa. Fundi akabaki na kuku anayepoa. Alisikia maji yakifunguliwa, kisha sauti, moja ikipanda, nyingine ikilia, ila maneno hayakupenya. Wakakaa huko mpaka Shangazi akaja kumuuliza kama apashe moto chakula.

Waliporudi, wote wawili macho yalikuwa mekundu. Hakuambiwa walichozungumza, siku ile wala baadaye, hata baada ya Mwalimu kukubali kuolewa. Na hakuthubutu kuuliza. Mwalimu akajivutia kiti. Mama akachukua uma, akamwekea Mwalimu mnofu, akajiwekea wake. Fundi akabakishiwa shingo na mabawa.

"Kula," mama akamwambia bila kumtazama. "Na ukimaliza, mtanirudisha nyumbani. Nataka nikae mbele, na yeye ndiye atakayeendesha."

Akala. Kila tonge lilipita kwa shida, na hakuacha hata mfupa.