Mtungi wa Masouda

Haya yalimfika shoga yangu Nasriya, aliyetoka Unguja mwaka 1965 akaolewa Maskati. Kila akimwandalia mumewe Thabit tende, mume husema, "Za marehemu mke wangu Masouda zilikuwa tamu zaidi."

Mitungi ya tende ilikaa kwenye pango la mwamba nyuma ya nyumba. Mke akishaziba mtungi kwa udongo, huupiga kiganja, ijulikane ni wake. Masouda alikatika kidole, alama yake ilikuwa ya vidole vinne.

Wivu ukamkaba Nasriya. Akaingia pangoni na taa, akaifuta alama ile ya mtungi wa Masouda kwa udongo mbichi, akapiga kiganja chake.

"Umekwisha, bibi wee!" akamwambia marehemu.

Taa ikazimika. Gizani akasikia udongo ukikandwa, taratibu. Akatoka mbio hadi nyumbani.

"Nani kakushika?" Thabit akauliza, akimtazama mgongoni.

Nasriya akavua kanga, akaitandaza. Mgongoni palikuwa na kiganja cha udongo mbichi, vidole vinne.