Mtetemo wa Gari la Mkunga

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi magari, na mtaa mzima ulimwita Sikio. Mteja akifika na gari bovu, Sikio hakukimbilia spana. Aliegemea gari, akafumba macho na kulisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, kisha akainuka na kutaja ugonjwa. Mara nyingi hakwenda kombo.

Mke wake alikuwa ametangulia mbele ya haki, na binti zake waliolewa mbali. Alibaki na gereji yake, na kijumba cha kulala nyuma yake. Asubuhi alimimina chai vikombe viwili kwa mazoea, akanywa kimoja, kingine kikapoa juu ya meza ya kazi mpaka kikafanya utando. Hakuwa mtu wa kulalamika. Ila jioni ungeweza kumkuta amekaa ndani ya gari la mteja, milango imefungwa, anasikiliza injini ambayo imekwisha kupona. Ungejua tu kwamba kazi imeisha zamani, na kwamba mzee wa watu hana hamu ya kwenda kulala.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua alifika mama mmoja, mkunga mstaafu, na gari kuukuu la rangi ya kahawia. Walijuliana hali, akakaribishwa kigoda, akaeleza shida yake. Gari lilikuwa zima likiwa mwendoni. Tatizo lilikuja gari likisimama huku injini inawaka, kwenye njia panda au foleni. Siku nyingine lilinguruma kama paka aliyeshiba. Siku nyingine lilitetemeka mpaka meno yakagongana, kisha likazima. Mafundi kadhaa walishalifungua na kulifunga, wakaishia kumwambia gari limezeeka, mama, na uzee hauna dawa.

Jumamosi ilikuwa lazima amrudishe mjukuu wake kwa mama yake, safari ya kutwa nzima.

“Nikikwama porini na mtoto, fundi, nitamlilia nani?”

Sikio aliliwasha, akaegemea, akafumba macho. Injini ilitulia kama mtoto aliyeona fimbo. Akamtania mama wa watu kwamba gari lake linaogopa sindano. Mkunga alicheka, lakini alipocheka alitazama chini, hakulitazama gari.

Basi Sikio akaanza kazi. Alibadilisha plagi. Alipima waya moja moja. Alifungua kabureta, akaiosha kwa petroli na kuipuliza mpaka ikang'aa. Kwenye injini akakuta mpira wa hewa umepasuka kidogo, akafurahi, maana mpira ukivuja injini hutetemeka hivyohivyo. Akaweka mpya. Akalitoa kwenda kulijaribu.

Manyunyu yalikuwa yameanza, kwa hiyo alipandisha vioo. Aliposimama njia panda ya sokoni, gari likaanza. Usukani ulicheza mikononi mwake. Kiti kilitikisika, vitu vikagongana ndani ya dashibodi. Akateremsha kioo ili asikilize vizuri sauti inatokea wapi.

Mtetemo ukakoma.

Huo ndio ugonjwa mbaya kuliko yote kwa fundi, ule unaojificha mbele ya mganga. Alirudi gereji akiwa ameudhika. Alipozunguka kulikagua aligundua kwamba mlango wa abiria hauna kitasa cha ndani. Kilikuwa kimevunjika, kikabaki kisiki cha chuma chenye ncha. Aliyekaa kiti kile alilazimika kufunguliwa kutoka nje. Sikio akajiambia atatafuta kitasa kingine, akaendelea na mambo yake.

Siku iliyofuata mvua ilishuka mchana, mvua ya upepo, ikarusha maji mpaka kwenye meza ya kazi. Sikio akashusha mlango wa bati wa gereji mpaka chini. Akabaki na mwanga wa taa moja na kelele za mvua juu ya paa. Hapo akapata wazo. Kama gari hutetemeka vioo vikiwa juu, basi akae humohumo ndani, apandishe vioo, alisubiri. Akaingia upande wa dereva. Akafunga. Akawasha.

Fundi mzoefu kama yeye hakupaswa kufanya hivyo. Hilo baadaye alilisema mwenyewe. Lakini alikuwa na usongo wa kulishinda gari lile, na kwa kweli ndani mle palikuwa na joto zuri. Injini ilinguruma taratibu. Mvua ilikuwa mbali. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakujiona mpweke.

Kisha likaanza kutetemeka.

Alitega sikio. Mtetemo ulikuja, ukakata. Ukaja tena, ukakata. Injini mbovu haina mpangilio kama ule. Ule ulikuwa na pumzi katikati, kama mtu anayegonga, anachoka, anagonga tena.

Gari likazima lenyewe.

Akaliwasha. Alihisi yuko karibu kabisa kuupata ugonjwa. Likatetemeka kwa nguvu zaidi, likazima. Akaliwasha tena. Kichwa kilikuwa kizito sasa, kizito kwa utamu, kama cha mtu anayebembelezwa. Akataka kufumba macho kidogo tu.

Kioo cha upande wa abiria kikalia.

Pa. Pa. Pa.

Akageuka. Hakukuwa na mtu nje. Kioo kilikuwa kinatikisika, na kila kilipolia kilisukumwa kwenda nje. Kilikuwa kinapigwa kutoka ndani.

Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Lakini sponji yake ilikuwa imebonyea.

Sikio alitaka kutoka. Mkono ulikwenda kwenye mlango wake, ukaishia njiani, ukaanguka juu ya paja kama mkono wa mtu mwingine. Miguu haikumjibu. Kile kisiki cha chuma pale mlangoni mwa abiria kilikuwa kinakwenda juu na chini. Juu na chini. Haraka. Haraka zaidi.

Pumzi ya baridi ikamgusa shavu la kushoto.

“Zima.”

Baada ya hapo hakukumbuka kitu.

Alipozinduka alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, uso wake kwenye upenyo wa chini wa mlango wa bati, pale upepo wa mvua ulipokuwa unapenya. Alitapika. Akajikokota, akaunyanyua mlango, akakaa kwenye mvua mpaka akili ikamrudia. Kisha akageuka kulitazama gari.

Lilikuwa limezimwa kwa ufunguo. Mlango wa dereva ulikuwa bado umefungwa. Uliokuwa wazi, wazi kabisa, ni ule wa abiria.

Usiku ule hakulala. Asubuhi alirudi akiwa na kichwa kinachopasuka, na kichwa hicho ndicho kilichomwelekeza. Alijua maumivu yale yanatokana na nini. Akang'oa zulia la miguuni mwa kiti cha abiria. Chini yake palikuwa na tundu la kutu lenye upana wa kiganja. Akapenyeza tochi. Bomba la moshi lilipita chini ya tundu hilo, na palepale lilikuwa na ufa. Vioo vikiwa juu na gari limesimama, moshi ule, wenye sumu isiyoonekana wala kunusika, ulipanda moja kwa moja ndani. Gari likitembea moshi ulipeperuka, ukifungua kioo ulitoka. Ukifunga na kusimama, ulikaa nawe.

Akampigia mkunga simu, akamwomba aje.

Mama yule alipoliona tundu alikaa kitako sakafuni, kwenye grisi, na kitenge chake kizuri. Sikio alimuuliza swali moja tu, mjukuu huwa anakaa wapi.

Kiti cha mbele, mama akajibu. Hulala safari nzima. Anaogopa upepo, kwa hiyo vioo hufungwa. Kila wakifika analalamika kichwa, na yeye siku zote alidhani ni jua. Halafu akasema kwamba gari huzima hasa mtoto anapokuwa amelala. Humlazimu kumwamsha, kushuka naye, kufungua milango yote na kusubiri mpaka likubali kuwaka.

“Mama,” Sikio alisema kwa sauti ya chini, “gari hili lilikuwa la nani?”

Lilikuwa la mume wake. Banda lao la gari lilikuwa jembamba, dereva alilazimika kulisogeza mpaka ukutani, kisha atokee mlango wa abiria. Siku moja ya mvua mumewe aliliacha linawaka ndani ya banda ili betri ijae chaji, akakaa humo akisikiliza redio. Mkunga hakuwepo, alikuwa kazini, anazalisha. Aliporudi gari lilikuwa linawaka bado. Mumewe alikuwa amelala kiti cha abiria, na kitasa cha mlango kilikuwa mkononi mwake.

Watu walisema ni moyo. Hakukuwa na mtu wa kuwaeleza vinginevyo. Tangu hapo yeye alificha habari hiyo kwa kila fundi, akihofia kwamba wakijua mtu amefia humo hakuna atakayeligusa.

Sikio naye akamweleza yake, bila kuongeza wala kupunguza. Mkunga alisikiliza huku anafuta grisi kiganjani, anaifuta tu, haitoki.

“Alisema nini?” akanong'ona.

“Alisema zima.”

“Basi?”

“Basi, mama.”

“Hakunitaja?”

Sikio alitamani kumdanganya. Hakuweza. Akatikisa kichwa, na mama yule akageukia ukutani, akalia bila sauti, jinsi wanavyolia watu waliozoea kulia wakiwa peke yao.

Sikio alilichomelea bati tundu lile siku hiyohiyo. Akabadilisha bomba la moshi lote, akaweka kitasa kipya. Jioni akapandisha vioo, akaliacha liwake uani, yeye akasimama nje akilitazama kwa mbali. Halikutetemeka. Lilinguruma kwa ulaini, kama vile halikuwahi kuumwa.

Jumamosi jioni mkunga alipiga simu. Walikuwa wamefika salama. Mtoto alikuwa macho njia nzima, ameimba, amehesabu ng'ombe, kichwa hakikumuuma. Mama alishukuru, akamwombea Sikio heri, kisha akakawia kukata.

“Limenyamaza kabisa, fundi,” akasema. “Njia nzima. Limenyamaza.”

Walikaa kwenye simu, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake, mpaka salio likaisha.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini Sikio alikuwa na pikapu yake mwenyewe, aliyoifunga injini kwa mikono yake, na haikuwahi kumsumbua hata siku moja. Wiki ile, akiwa kwenye foleni, vioo vikiwa juu, pikapu ikaanza kutetemeka. Alikagua sakafu. Alikagua bomba la moshi. Hapakuwa na tundu, hapakuwa na ufa. Akateremsha kioo, ikatulia.

Akaiacha hivyo. Miaka yote iliyofuata tulimwona akipita na kioo wazi, hata kwenye mvua ya mawe, bega limelowa chepechepe. Tulimtania kwamba kinyozi hajinyoi. Yeye alijibu kwamba pikapu haina ubaya wowote. Wakati mwingine tulimwona midomo inacheza, anaongea, na kiti cha pembeni hakina mtu. Vikombe viwili vya chai aliendelea kuvimimina, na sijui kama kile cha pili kiliendelea kupoa.

Sikio alifariki akiwa usingizini. Pikapu yake anaiendesha kaka yangu sasa. Ni gari zuri, halimsumbui, mradi asipandishe vioo. Jambo moja tu limetushinda. Kwenye kioo cha abiria, upande wa ndani, kuna alama ya kiganja, vidole vimetanuka. Tumeiosha kwa sabuni, kwa petroli, kwa wembe. Asubuhi iko palepale. Hiyo tuliikuta tangu mwanzo.

Ya pili ilitokea baada ya mazishi. Iko kwenye kioo cha dereva.