Kasi, Kibodi na Kontrola

Kila siku nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutunga uzi. Mama ni fundi cherehani, na macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua, kwa hiyo sindano zote aliniachia mimi. Nilikaa kwenye stuli kando ya cherehani, nikatunga sindano kumi na kuzichomeka kwenye kimto chake, kisha nikashona vifungo vya mashati ya wateja. Mama naye alipiga cherehani huku akinisimulia nani kanenepa na nani kakonda tangu alipompima mara ya mwisho. Siri za mtaa mzima zilikuwa kwenye daftari lake la vipimo, na aliyesimuliwa ni mimi peke yangu.

Siku tatu kwa wiki nilichelewa kwa ruhusa, kwa sababu ya klabu ya kompyuta. Huko hakuna aliyeniita kwa jina langu. Niliitwa Kasi. Jina hilo nililipata kwenye gemu ya mbio za magari, maana vidole vyangu vilikimbia juu ya kibodi hadi wenzangu wakaacha kucheza ili wanitazame. Nisiseme uongo, nilivimba kichwa.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na kibodi kumi na kontrola moja tu. Kontrola ni kile kifaa cha kushika kwa mikono miwili, chenye vitufe vya kubonyeza kwa vidole gumba. Yetu ilikaa ndani ya sanduku la viatu juu ya kabati, na waliokuwa wakiitumia ni watoto wa darasa la nne. Sisi wakubwa tuliiita chupa ya maziwa. Aliyebuni jina hilo ni mimi, na siku ile niliposema, darasa zima lilicheka mpaka mwalimu akagonga meza.

Siku moja mwalimu wa kompyuta alitutangazia kwamba baada ya wiki tatu shule ya jirani ingekuja kushindana nasi kwenye ile gemu ya mbio, wawili kwa wawili. Alinichagua mimi na rafiki yangu Kimya. Kimya aliitwa hivyo kwa sababu aliweza kukaa siku nzima bila kusema maneno kumi. Alikuwa mrefu, mpole, na hakuwahi kuchaguliwa kwa jambo lolote tangu darasa la kwanza. Mwalimu alipotaja jina lake aligeuka nyuma kuangalia kama kuna Kimya mwingine.

Tulianza mazoezi, na ndipo mkono wangu wa kushoto ulipoanza kuniuma. Kwanza yalikuwa maumivu madogo kwenye kifundo, ya kuja na kupita. Kisha yakaja na hayakupita. Wiki ya kwanza ilipokwisha, kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata vilikuwa vikifa ganzi kila baada ya mazoezi. Niliukung'uta mkono chini ya meza ili mtu asione, nikaendelea. Kasi angewezaje kusema kwamba mkono unauma?

Jumamosi asubuhi nilikuwa nashona kifungo kwenye shati jeupe la mteja. Mama alinyanyua macho, akasimamisha cherehani. Shati lilikuwa na tone la damu, halafu la pili. Nilikuwa nimejichoma sindano kwenye kidole cha mkono wa kushoto na sikuhisi chochote.

Mama aliuchukua mkono wangu akaubonyeza. Nilipiga yowe alipofika kwenye kifundo. Akaniuliza mkono umepatwa na nini, na hapo niliona mbele yangu kila kitu: klabu imepigwa marufuku, jina langu limekwisha, mwingine amekaa kwenye kiti changu. Uongo ulinitoka mdomoni kabla sijaufikiria.

"Ni Kimya, mama. Alinivuta mkono kwenye mpira wa pete."

Mama alinifunga mkono kwa kitambaa laini, akasema mpira basi hadi nipone. Kisha akaongeza jambo ambalo lilinifanya nitamani kujificha chini ya cherehani. Alisema afadhali kuna klabu ya kompyuta, maana huko angalau ningeupumzisha mkono.

Mchana wa siku hiyohiyo Kimya alikuja na daftari lake, kama alivyokuja kila Jumamosi, ili tufanye hesabu pamoja. Mama alimkuta mlangoni na hakumkaribisha ndani. Alimwambia amesikia jinsi alivyomvuta mwenzake mkono, na kwamba kwa sasa asije tena mpaka aitwe. Hakufoka. Sauti yake ilikuwa ileile anayoitumia kwa wateja wanaorudisha nguo wakiwa wameshazivaa.

Kimya alinitazama kupitia begani kwa mama. Nilijua anangoja nini. Neno moja tu lingetosha. Mimi niliinamisha kichwa nikaanza kuchambua vifungo, vyeupe huku, vyeusi kule.

"Samahani, mama," Kimya alisema, akaondoka.

Jumatatu aliniuliza taratibu ni lini alinivuta. Nilimjibu kwamba tutaongea baadaye, na baadaye hiyo nilihakikisha haifiki. Nilikuwa nimebanwa kila upande. Nikimwambia mama ukweli, ananitoa kwenye klabu, na Kimya anapoteza nafasi pekee aliyowahi kupewa. Nikiendelea kunyamaza, Kimya anabeba kosa ambalo si lake. Nikiendelea kucheza, mkono unazidi kufa. Nikiacha, wataniuliza kwa nini. Usiku nilihesabu njia zote za kutoka na zote zilirudi kwa mtu mmoja, yaani mimi, na huyo ndiye niliyekuwa namwogopa.

Siku moja niliwahi kufika kwenye chumba cha kompyuta kabla ya wengine. Nilipanda juu ya kiti, nikateremsha sanduku la viatu, nikaishika ile kontrola. Niliiweka mapajani na mikono yangu ikatulia, mabega yakashuka, na kifundo kikanyooka bila kuegemea kitu. Kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi mkono haukuuma. Kisha nikasikia mlango, na nikamwona mtoto mmoja wa darasa la nne amesimama ananitazama kwa adabu zake zote.

"Dada Kasi, unatafuta chupa ya maziwa?"

Nilimwambia nafuta vumbi. Nikaifuta kweli, kwa kona ya sweta, nikairudisha juu ya kabati. Dakika kumi baadaye nilikuwa nimekaa mbele ya kibodi, kifundo kimelalia ukingo wa meza, nauma meno. Kimya alikuwa kando yangu, anacheza vizuri na bila kusema neno.

Jumapili alasiri, siku sita kabla ya mashindano, mama aliamua kunishonea sweta la shule lililokuwa limechakaa. Alilitandaza juu ya meza yake ya kukatia, akavaa miwani, akalikagua. Kisha akaniita. Nilijua sauti ile. Huitumia pale kipimo na kitambaa vinapokataa kukubaliana.

Aliniuliza naandika kwa mkono gani. Nikajibu wa kulia.

"Basi mbona mkono ulioisha ni wa kushoto?"

Mama alichukua chaki yake na kuzungushia mahali palipochakaa, upande wa chini, pale kwenye kifundo. Nyuzi zilikuwa zimekonda kiasi cha kuona meza kupitia kitambaa. Halafu akageuza sweta na kunionyesha bega.

"Mtu akivutwa mkono, nguo huachia hapa, kwenye mshono wa bega. Huu mshono ni mzima kama siku nilipoushona. Hapa chini pamesuguliwa kwenye ukingo wa kitu, mahali palepale, siku nyingi. Lete mkono wako."

Aliufungua ule mkono, akaupindua. Kwenye kifundo kulikuwa na mstari mwekundu, umenyooka, unaolingana na mahali alipozungushia chaki. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba namdanganya mtu ambaye husoma nguo kama wengine wanavyosoma gazeti. Nilianza kulia kabla hajauliza swali lingine, na nikasema yote: gemu, meza, ganzi, chupa ya maziwa, mashindano.

Mama hakunikatiza. Nilipomaliza alivua miwani.

"Na Kimya?"

"Hakunivuta, mama. Hata mpira hatukucheza siku hiyo."

"Vaa viatu," alisema.

Tulitembea hadi nyumbani kwa kina Kimya. Bibi yake alitufungulia, tukamwamkia, naye akamwita mjukuu wake. Kimya alipomwona mama alirudi nyuma hatua moja, na hatua ile moja iliniuma kuliko mkono. Mama alimshika mabega. Alimwambia kwamba alimfukuza mlangoni kwake bila kumuuliza, kwamba alikosea, na kwamba anaomba msamaha. Sikuwa nimewahi kumsikia mama akimwomba mtoto msamaha. Kisha akanisukuma mbele kwa kidole kimoja mgongoni, nami nikasema langu, huku nalia.

Kimya alinijibu taratibu.

"Nilijua huwezi kunisingizia tu. Nikadhani labda kweli nilikuvuta, halafu nikasahau. Nimekuwa nikijaribu kukumbuka wiki nzima."

Ningefurahi kama angenitukana. Nilikaa chini pale mlangoni, na bibi yake akaniletea maji.

Kesho yake daktari wa zahanati alisema mshipa wa kwenye kifundo umebanwa kwa muda mrefu, na kwamba ningeendelea hivyo, ganzi ingehamia moja kwa moja. Aliniamuru nipumzike siku tatu, na baada ya hapo nisiegemeze tena kifundo kwenye ukingo wowote. Mashindano aliyaruhusu, mradi mkono ukae vizuri. Mama hakuridhika na "vizuri". Alitaka kujua vizuri maana yake ni sentimita ngapi.

Ndiyo maana Jumatano aliingia kwenye chumba cha kompyuta na futi yake ya kupimia shingoni. Alimsalimia mwalimu, akaomba ruhusa, akapima meza, akapima viti, kisha akatupima sisi. Kimya alipokaa, viwiko vyake vilikuwa sawa na meza, na mikono yake ilielea juu ya kibodi bila kuegemea popote. Nilipokaa mimi, meza ilinizidi viwiko kwa upana wa kiganja. Ilibidi ninyanyue mabega na kutundika vifundo ukingoni, hasa cha kushoto, ili vidole vifikie herufi. Mwalimu alikuna kichwa. Alieleza kwamba meza zile zilitoka stoo, zilitengenezwa kwa ajili ya kufanyia kazi watu wakiwa wamesimama, na hakuwahi kufikiria urefu wetu.

Mwalimu mwenyewe aliteremsha sanduku la viatu. Alinipa kontrola mbele ya watu wote na kusema kwamba nyumbani kwake hachezi kwa kingine, kwa sababu kibodi humletea maumivu ya shingo. Mtu mmoja alicheka nyuma, akaona hakuna mwenzake, akanyamaza. Niliuliza kipi basi ni bora, kibodi au kontrola. Mwalimu alifungua mdomo, lakini mama alimtangulia.

"Miaka yote hii ya ufundi, sijawahi kumshonea mtu gauni kwa kumpima jirani yake. Kimya akae na kibodi, inamkaa. Wewe shika hiyo, na mikono iwe mapajani."

Usidhani mambo yalinyooka. Alhamisi na Ijumaa, gari langu liligonga kila ukuta uliokuwepo, na walionifundisha kupiga kona ni watoto wa darasa la nne, ambao walifurahi kupita kiasi. Kila dakika ishirini Kimya alinigusa bega ili nipumzishe mikono. Jumamosi tulishinda mbio mbili na kushindwa tatu. Wageni waliondoka na ushindi, na wakati wa kuagana mmoja wao alimwomba Kimya amwonyeshe alivyopita ile kona ya daraja. Kimya alieleza kwa maneno yanayozidi kumi. Niliyahesabu.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, mama, aliyekuja kutazama mashindano, alinishika mkono wa kushoto, akanibonyeza vidole kimoja baada ya kingine akiniuliza kama nahisi. Vyote nilivihisi.

"Mkono umeanza kupona," alisema. "Dawa yake ilikuwa rahisi, mwanangu. Unachagua kinachoukaa mwili wako, si kinachowafurahisha wanaokutazama, na ukiumia unasema mapema. Lakini ile wiki ambayo mwenzako alikaa akijitilia shaka mwenyewe, hiyo siwezi kuishona, na daktari hana dawa yake. Hiyo itapona kwa wewe kumwambia ukweli leo, na kesho, na kila siku, mpaka akuamini tena."

Nilimwitikia. Kisha nikamwomba ruhusa ya kupita kwa kina Kimya kwanza, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia: kwamba siku ile mama alipomfukuza mlangoni, nilisikia kila neno, nilimwona yeye akinitazama, nami nikachagua kuchambua vifungo.