Kipandio cha Chini Kabisa

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Hyasinta alishuka ziwani na ndoo tupu, akapanda kilima nayo imejaa, shingo ikimuuma. Pampu ya kisima cha kijiji ilikuwa imenyamaza kwa miezi saba. Jumamosi moja ya mwaka 1993, alipotua ndoo yake, alimkuta mgeni uani akizungumza na baba yake, Mzee Stanislausi, balozi wa nyumba kumi.

Mgeni alikuwa Dada Miriamu, mtafiti kutoka Musoma mjini. Alikuja kijijini kwao, Suguti, kuwauliza wananchi wanaionaje demokrasia yao. Je, wanasema wanachofikiri bila woga? Je, viongozi wao wanawasikiliza?

"Nitakupeleka kwa watu wanaojua kujieleza," alisema balozi.

"Ahsante, mzee, lakini mimi sichagui watu. Naanzia shuleni, nahesabu nyumba za upande wa kulia, naingia kila ya tano."

Balozi alikuwa na kikao. "Basi Hyasinta atakuonyesha njia."

Njiani Hyasinta alihesabu kimoyomoyo, akashtuka. Nyumba ya tano ilikuwa ya Bibi Mbuke! Bibi huyo ndiye aliyesimama mkutanoni akamwambia baba yake, mbele ya watu wote, kwamba masikio yake ni ya kupamba kichwa tu. Akiyarudia hayo mbele ya karatasi za mjini, baba si atavuliwa ubalozi?

"Moja," Hyasinta alihesabu kwa sauti. "Mbili. Tatu. Nne. Tano! Hapa, kwa Mzee Bernado." Bernado alikuwa rafiki mkubwa wa baba yake.

Dada Miriamu alisimama. "Katika ile ya tatu analala nani?"

Hyasinta aliinamisha kichwa. "Kuku."

"Na kuku wa Suguti wanapiga kura?"

Hyasinta alitaka kucheka, lakini machozi yalitangulia. Akaeleza yote.

"Mdogo wangu, siandiki jina la mtu yeyote," alisema Dada Miriamu. "Lakini nikiwauliza marafiki wa balozi peke yao, nitarudi mjini nimebeba uongo. Twende kwa Bibi."

Bibi Mbuke, aliyeishi peke yake, alikuwa akianika mihogo. "Mmepotea?" aliuliza baada ya salamu. "Wageni wanaishiaga kwa balozi."

"Tumekuja kwako, Bibi."

"Kwangu? Mimi hata kusoma sijui!"

Dada Miriamu alitandaza mchoro wa ngazi yenye vipandio vitano. Cha juu kilimaanisha vizuri sana. Cha chini, vibaya kabisa. Kisha akamwomba Hyasinta asogee mbali, kwa kuwa majibu ni siri ya mwenyewe.

Kutoka penye zizi Hyasinta hakusikia neno, lakini aliona. Bibi Mbuke alifuta mikono kwenye kanga. Akafikiri sana. Kisha kidole chake, kilichopindishwa na jembe, kikatua kwenye mchoro. Msomi wa mjini alisubiri kimya mpaka kidole kilipotulia, ndipo akaandika. Hyasinta hakuwahi kuona mtu akimsubiri Bibi Mbuke.

"Dada," aliuliza wakirudi, "alama ya Bibi ina uzito gani?"

"Sawasawa na ya mkurugenzi wa wilaya. Kila mtu moja."

Hyasinta aliutazama mkoba wa Dada Miriamu, uliobeba karatasi zile, kama vile nchi nzima ilikuwa imelala ndani yake.

Jioni alikiri kosa lake kwa baba yake. Balozi alikunja uso. "Bibi amesema nini?"

"Sikusikia, baba. Lakini ningeulizwa mimi kama viongozi wanasikiliza, ningeweka kidole kwenye kipandio cha chini kabisa."

"Wewe? Binti yangu?"

"Pampu, baba. Ndoo ni nzito."

Balozi aliitazama ile ndoo. Jumatatu alipanda baiskeli hadi Musoma. Jumatano alirudi na fundi na mpira mpya wa pampu, na maji yakaruka.

"Balozi!" alipaza sauti Bibi Mbuke, ndoo mkononi. "Leo umepanda kipandio kimoja!"

"Kimoja tu, mama?"

"Kimoja tu. Kesho tutaona."

Watu walicheka, na balozi akacheka nao. Kisha akamshika Hyasinta bega. "Mwanangu, miaka yote niliwauliza rafiki zangu, nikadhani nimekiuliza kijiji. Kumbe na mimi nilikuwa nahesabu banda la kuku. Anayetaka ukweli aulize hata pale anapoogopa jibu."